Bustani ya Forodhani na Yaliyo Chini Yake

Katika mji wa Unguja, ukingoni kabisa mwa bahari, iko bustani iitwayo Forodhani. Nyuma yake yasimama Ngome Kongwe, na ubavuni mwake lipo jumba kubwa la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Jioni, jua lishukapo, watu wa mji hutoka majumbani mwao kuja kupunga upepo. Vijana huruka kutoka ukutani na kujitosa baharini. Wachuuzi huwasha taa na majiko yao, wakauza mishikaki, pweza, mihogo ya kuchoma na maji ya miwa, na wageni wa mataifa mengi hupita wakitazama. Ni mahali pa furaha.

Lakini jina lake ni la ajabu kidogo kwa bustani. Forodha maana yake ni nyumba ya ushuru, yaani mahali ambapo mali iingiayo nchini au itokayo huhesabiwa na kutozwa fedha za serikali. Kwa nini bustani ya miti na maua iitwe kwa jina la ushuru? Katika somo hili tutaeleza habari za kiwanja kile, jinsi kilivyogeuzwa kuwa bustani, na kwa nini habari hizi zawahusu watoto wa Mbinga na wa mwambao wa Ziwa la Nyasa, ingawa wanakaa mbali sana na Unguja. Kisha tutaeleza namna ya kutengeneza bustani katika kiwanja cha zamani hapa kwetu.

1. Kiwanja kilivyokuwa hapo kale

Ardhi ya mji si kama ardhi ya porini. Porini ukichimba utakuta udongo na mizizi. Mjini ukichimba utakuta kazi za watu waliotangulia: misingi ya nyumba, vigae vya vyungu, chokaa, majivu, misumari iliyoliwa na kutu. Kila kizazi hujenga juu ya mabaki ya kizazi kilichopita, na mara nyingi hakijui kilichoko chini.

Ndivyo ilivyo Forodhani. Yapata mwaka 1600 Wareno, waliokuwa na nguvu katika pwani hii wakati ule, walijenga kanisa dogo mahali pale. Waarabu wa Oman walipowashinda Wareno, mwishoni mwa karne ya 17, walijenga ngome juu ya kiwanja kile kile, na mabaki ya kanisa yakaingia ndani ya ngome. Hiyo ndiyo Ngome Kongwe tuionayo leo.

Katika karne ya 19 Seyyid Said, Sultani wa Oman, alihamishia enzi yake Unguja, na mji ukakua upesi. Majahazi yalikuja kwa upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, na kwa upepo wa kusi yakarudi. Mali ya bara ilishushwa ufukoni, mbele ya ngome: pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na nta. Kutoka mashambani zilikuja karafuu, na kutoka ng'ambo zilikuja nguo, shanga, nyaya za shaba na bunduki. Mali yote hii ilipita forodhani. Hapo mwanzo jengo lenyewe halikuwa la fahari: lilikuwa banda la nguzo na paa, ambamo makarani walikaa na mizani zao na vitabu vyao, na mahamali wakipita mbele yao wamejitwika mizigo. Sultani hakukusanya ushuru kwa mkono wake mwenyewe. Aliikodisha forodha kwa matajiri wa Kihindi, wakamlipa kiasi cha fedha kila mwaka, nao wakajirudishia fedha zao kwa kutoza ushuru.

2. Watu waliohesabiwa kama mizigo

Basi sasa twafika kwenye jambo linalowahusu watu wa Ziwa la Nyasa. Katika mali iliyopita forodhani walikuwamo watu. Watumwa walioletwa kutoka bara walitozwa ushuru kwa kila kichwa, kama vile pembe au robota la nguo, na wengi wao walitoka katika nchi za pande zote mbili za Ziwa la Nyasa.

Ifikirini safari yao. Wengine walikamatwa katika vita, wengine waliibwa njiani, na wengine waliuzwa wakati wa njaa. Wale wa ng'ambo walivushwa ziwani kwa majahazi. Kisha walifungwa minyororo, au wakatiwa kongwa shingoni, nao ni mti wenye panda, wakatembezwa mpaka Kilwa Kivinje. Kutoka Mbamba Bay mpaka Kilwa ni maili zipatazo 350, kama mtu angeweza kwenda moja kwa moja kama ndege arukavyo. Lakini njia ya miguu ilipinda milimani na mitoni, nayo ilikuwa ndefu kuliko hivyo. Daktari David Livingstone, aliyefika katika Ziwa la Nyasa mwaka 1859, alipita tena upande wa mto Ruvuma mwaka 1866, akaona njiani maiti za watumwa walioshindwa kutembea. Wengine walikuwa wamefungwa kwenye miti na kuachwa.

Waliofika Kilwa hai walipakiwa majahazini, wamebanana, wakapelekwa Unguja. Hapo ufukoni, mbele ya forodha, walihesabiwa. Wageni waliokaa mjini siku zile waliandika jambo moja ambalo ni zito kulisoma: mtumwa aliyeonekana kuwa karibu kufa aliachwa ufukoni, ili mwenyewe asilipe ushuru wa mtu asiyeweza kuuzwa. Walio wazima walipelekwa sokoni. Soko la mwisho la watumwa mjini Unguja lilikuwa katika mtaa wa Mkunazini, mwendo mfupi tu kutoka pale.

Mwezi wa Juni mwaka 1873 Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa ya baharini, na soko la Mkunazini likafungwa. Hata hivyo biashara ya siri iliendelea kwa miaka mingi, na utumwa wenyewe haukuondolewa kwa sheria Unguja ila mwaka 1897.

Watu wale hawakuacha makaburi yenye majina. Watoto wao na wajukuu wao walizaliwa mbali na Ziwa, wakasema Kiswahili, na wengi wakasahau kijiji walikotoka babu zao. Huku Ziwani nako watu walibaki wakiulizana, "Fulani alikwenda wapi?" wala jibu halikuja.

3. Jinsi forodha ilivyoondoka

Mambo mengine mengi yalipita juu ya kiwanja kile. Tarehe 25 Agosti mwaka 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid, mwana wa Barghash, akaingia katika jumba la enzi bila ya ridhaa ya Waingereza. Siku mbili baadaye manowari za Kiingereza zikapiga mizinga, na vita ikaisha kabla ya saa moja kutimia. Katika muda ule mfupi watu yapata 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Majumba ya ufukoni yalibomoka, na mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibika hata ukaondolewa.

Mwaka 1905 reli ndogo ilifunguliwa, ikianza karibu na ngome na kupita katika vichochoro vya mji mpaka kijiji cha Bububu, yapata maili 7. Watu waliishangaa garimoshi ipitayo milangoni mwao. Lakini barabara zilipotengenezwa na motokaa zikaongezeka, reli ilikosa faida, ikaachwa kufikia mwaka 1930. Katika miaka ile ile gati mpya ya meli ilijengwa upande wa Malindi, na shughuli za ushuru zikahamia huko. Basi mahali palipokuwa na kelele za mahamali na filimbi ya garimoshi pakawa kimya. Palibaki kiwanja kitupu katikati ya mji, mbele ya majumba yake makubwa kuliko yote.

4. Bustani ya kwanza na ya pili

Kiwanja kitupu katikati ya mji hakikai hivyo muda mrefu. Ama kitajengwa, ama kitakuwa jaa la takataka, ama kitafanywa mahali pa watu kupumzika. Unguja ilichagua jambo la tatu. Mwaka 1936 Sultani Khalifa bin Harub alitimiza miaka 25 ya kutawala kwake, na kiwanja cha forodha kikafanywa bustani ya ukumbusho wa jubilei hiyo. Walipanda miti na majani, wakatengeneza njia za kutembelea, na wakajenga kibanda cha bendi, ambapo watu waliweza kukaa jioni na kusikiliza muziki.

Serikali iliita mahali pale Bustani ya Jubilei. Lakini watu wa mji hawakuacha jina lao la zamani. Mtu alipoulizwa aendako, alijibu, "Nakwenda Forodhani." Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 jina la jubilei likaondoka, na jina la watu likabaki. Hivyo twaona kwamba jina la mahali laweza kuishi kuliko jengo. Banda lilibomolewa, vitabu vya makarani vikafungwa, reli ikang'olewa, hata masultani wakaondoka. Neno moja tu lilibaki midomoni mwa watu, nalo latuambia mpaka leo palikuwa na nini pale.

Bustani isiyotunzwa hurudi kuwa kiwanja tu. Kadiri miaka ilivyopita, majani yalikanyagwa yakafa, ardhi ikawa ngumu kama sakafu, maji ya mvua yakatuama, taa zikazimika, na bahari ikautafuna ukuta uizuiao. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wa Unguja uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia, na watu wakazidi kuona aibu kwa hali ya bustani ile. Mwaka 2008 Shirika la Aga Khan la Utamaduni, pamoja na Serikali ya Zanzibar, walianza kuitengeneza upya, na bustani ikafunguliwa tena mwezi wa Julai mwaka 2009.

Tazameni utaratibu wa kazi ile, maana una mafundisho kwa kila mtu atakaye kutengeneza bustani mjini. Kwanza, waliimarisha ukuta wa bahari, kwa sababu ni bure kupanda miti mahali ambapo ardhi inakwenda na maji. Pili, walitengeneza mifereji ili maji ya mvua yapate njia. Tatu, walihifadhi miti mikubwa iliyokuwako, kwa kuwa mti wenye umri wa miaka mingi haununuliwi kwa fedha. Nne, walitengeneza njia za kupita, ili watu wasikanyage kila mahali, wakatia majani mapya na taa. Tano, hawakuwafukuza wachuuzi wa vyakula bali waliwapangia mahali pao, kwa maana bustani ya mji isiyokuwa na watu ni kazi iliyopotea.

5. Bustani inyamazayo

Je, watu walikosea kufanya bustani mahali palipokuwa na huzuni namna ile? La. Ardhi haina hatia, na watoto wa leo wanayo haki ya kucheza. Ni afadhali kivuli cha mti kuliko jaa la takataka. Lakini iko tofauti kati ya mahali panapotukumbusha na mahali panaponyamaza.

Chukueni mfano wa Mkunazini. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, kiwanja chake kilipatikana kwa Misheni ya U.M.C.A., ile ile iliyokuja baadaye katika Ziwa la Nyasa na kujenga kituo chake kikubwa katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule wa 1873. Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka 1874, ndiye aliyeisimamia kazi hata kanisa likasimama, na alipofariki mwaka 1882 alizikwa humo, nyuma ya altare. Yasemwa kwamba altare yenyewe imewekwa mahali uliposimama mti wa kuwafungia watumwa wapigwapo. Nje ya kanisa, mwaka 1998, ulitengenezwa ukumbusho: sanamu za watu wamesimama ndani ya shimo, na minyororo shingoni mwao. Hakuna apitaye pale asijue palikuwa na nini.

Forodhani hapana sanamu kama zile. Mtoto aweza kula mshikaki wake, akatupa kijiti, akaenda zake, asijue kwamba juu ya ufuko ule walisimama watu wa Ziwa la Nyasa wakihesabiwa. Jina peke yake ndilo lisemalo, tena lasema kwa sauti ndogo, na kwa yule tu aulizaye maana yake. Ninyi mnaosoma habari hizi sasa mwaijua. Siku moja mtu wa kwenu akienda Unguja na kukaa katika bustani ile, na akumbuke kwamba hakuwa wa kwanza kufika pale kutoka nchi yake. Waliomtangulia hawakuja kwa hiari.

6. Kiwanja cha zamani katika nchi yetu

Msidhani kwamba viwanja vyenye habari viko Unguja tu. Liuli, katika mwambao wa Ziwa, Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba mkubwa uliofanana machoni pao na sanamu mashuhuri ya Misri. Hapo, tarehe 13 Agosti mwaka 1914, meli ya Kiingereza iitwayo Gwendolen, chini ya Nahodha Rhoades, iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imevutwa nchi kavu ili itengenezwe. Nahodha Mjerumani, aitwaye Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, tena habari ya vita ilikuwa haijamfikia. Hivyo mojawapo ya mapigano ya kwanza ya vita kuu ile katika Afrika ilipiganwa mbele ya kijiji cha wavuvi. Na Liuli hiyo hiyo ndipo alipofariki mwaka 1928 Padre William Percival Johnson, aliyetumika katika nchi za Ziwa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Leo Mbinga ni mji unaokua, na Mbamba Bay ni makao makuu ya Wilaya ya Nyasa tangu wilaya hiyo ilipoanzishwa mwaka 2012. Miji ikuapo, viwanja vya zamani hufunikwa upesi. Kwa hiyo, shule yenu ikipewa kiwanja ili mkifanye bustani, fuateni mambo haya.

Jambo la kwanza, kabla ya kushika jembe, waendeeni wazee. Wapigieni hodi, wasalimuni kwa adabu, kisha waulizeni: Mahali hapa paliitwaje zamani? Nani alikaa hapa? Palikuwa na nini? Andikeni majibu yao. Mzee akisema jina ambalo halitumiki tena, liandikeni kama alivyolitamka.

Jambo la pili, tazameni dalili. Miembe iliyosimama kwa safu haikuota yenyewe. Iko mkono wa mtu uliyoipanda. Minyaa iliyofuata mstari ni ua wa zamani. Vigae vingi ni dalili ya makao. Mavi ya chuma, yaani mapande mazito meusi yenye matundu matundu, yaonyesha kwamba mhunzi aliyeyusha chuma hapo. Mkiona dalili za kaburi, acheni kuchimba mara moja, mkamwambie mwalimu, naye awaambie wazee. Na mkikuta kitu cha chuma kifananacho na risasi au kombora, msikiguse kabisa. Waiteni watu wazima, nao watoe habari polisi.

Jambo la tatu, pimeni udongo. Chimbeni shimo lenye kina cha dhiraa moja. Kama mna mawe, matofali na vioo, hicho ni kifusi, na mizizi haitapita mpaka mkiondoe. Kama mna chokaa nyingi ya majengo, udongo huo hautafaa kwa mimea ipendayo udongo mkali kidogo, kama kahawa, na majani yake yatageuka kuwa manjano. Jioni lijazeni shimo maji. Ikiwa asubuhi maji yangalimo, basi kabla ya kupanda sharti mchimbe mifereji.

Jambo la nne, lisheni udongo. Udongo wa mjini mara nyingi umekanyagwa na umechoka. Ulimeni kwa kina, kisha utieni mboji. Ili kupata mboji, wekeni tabaka la majani makavu, tabaka la majani mabichi, tabaka la samadi, na udongo kidogo. Nyunyizeni maji, mkaligeuze fungu hilo mara kwa mara. Baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa jeusi, laini, lenye harufu ya udongo wa msituni. Mwambaoni, penye mchanga, mboji huzuia maji yasizame upesi, na majani makavu yaliyotandazwa juu huukinga udongo na jua.

Jambo la tano, kama kiwanja kina mteremko, jifunzeni kwa Wamatengo. Ngoro zao zajulikana mbali kwa sababu zinahifadhi udongo katika milima mikali. Mvua ziishapo, wao hufyeka nyasi na kuzilaza chini kwa mistari inayokatana, hata pakawa na miraba. Kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi zile. Pale palipochimbwa pakawa shimo, na penye nyasi pakawa tuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata katika msimu ujao. Nyasi zikiozea ndani huurutubisha udongo, na mashimo huyashika maji ya mvua yasichukue ardhi bondeni.

Ngoro nazo zina habari yake. Yasemekana kwamba Wamatengo walijifunza kulima milima mikali walipokimbilia huko katika karne ya 19 kwa ajili ya vita na uvamizi, katika zama zile zile ambapo misafara ya watumwa ilikuwa ikielekea Kilwa. Mwenye kuchimba ngoro leo anatumia akili iliyozaliwa siku za taabu.

Jambo la sita na la mwisho, wekeni ukumbusho. Si lazima uwe wa gharama. Jiwe moja mlilolitoa katika kifusi laweza kuwekwa mlangoni mwa bustani, na ubao mdogo ukaandikwa jina la kale la mahali pale na neno moja au mawili ya habari zake. Maua hunyauka, na wanafunzi huhitimu wakaenda zao. Lakini mtoto atakayekuja baada ya miaka hamsini atausoma ubao huo, naye hatahitaji kulibahatisha jina kama watu wanavyolibahatisha jina la Forodhani.

Maswali

1. Forodha ni nini, na kwa nini bustani ya Unguja yaitwa Forodhani?
2. Taja mambo manne yaliyokuwako katika kiwanja kile, au karibu nacho, kabla ya kufanywa bustani.
3. Watumwa wa Ziwa la Nyasa walipita njia gani mpaka kufika Unguja?
4. Kwa nini ukuta wa bahari ulitengenezwa kabla ya kupanda majani?
5. Eleza tofauti ya ukumbusho wa Mkunazini na ule wa Forodhani.
6. Waulize wazee wa kwenu jina la zamani la mahali iliposimama shule yenu, kisha uandike habari zake kwa mistari kumi.